Neno Lililoibwa Ubaoni

Mtaa mzima ulimwita Kitasa, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi peke yake. Ni kweli alikuwa fundi wa makufuli na funguo, mwenye kibanda cha mabati kando ya duka la misumari. Lakini mafundi wa funguo wako wengi na wanaitwa majina ya kawaida tu. Yeye aliitwa Kitasa kwa sababu alikuwa amefungwa pande zote. Ukimsalimia, kabla ya kuitikia anakutazama mikono. Ukimwambia leo umependeza, anapapasa mifuko. Akiuziwa mkate wa moto anauliza kwa nini una haraka ya kuuzwa. Akiuziwa wa baridi anauliza ulilala kwa nani.

Asubuhi akitoka nyumbani alifunga mlango, akausukuma, akaenda mpaka kona, akarudi kuusukuma tena. Mara nyingi mkewe alikuwa bado yumo ndani, amekaa kwenye cherehani yake, sindano mdomoni.

"Baba watoto," mkewe humwita kupitia dirishani, "umenifungia tena."

"Sijakufungia wewe. Nimemfungia mwizi."

"Basi mwizi huyo ana bahati, yuko nje anapunga upepo."

Pale kibandani ungempenda. Alilibana kufuli bovu kwenye jiliwa, akaliinamia kwa sikio kama daktari anayesikiliza kifua, akalitikisa kidogo na kusema, "Huyu kameza mchanga," na kweli ukilifungua unakuta mchanga. Kila kufuli aliloachiwa alilikumbuka kwa sura, na kila ufunguo kwa meno. Wateja walifunga vikaratasi vyenye majina yao kwa mpira, na Kitasa alivishukuru vikaratasi hivyo kwa kichwa, akavitupa chini ya meza wakishaondoka. Havikumsaidia kitu. Kitasa hakujua kusoma.

Jambo hilo alilificha kuliko alivyoficha kitu kingine chochote. Kazi ikija kwa maandishi, milango ya ofisi fulani, kitasa hiki kipya, komeo lile lirekebishwe, aliishika karatasi mbali na uso, akakunja uso, akasema macho yameingia vumbi la chuma. Vumbi hilo lilikuwa limekaa machoni mwake tangu siku za uchumba. Kisha akampa karatasi shemeji.

Shemeji huyu ni mdogo wa mkewe, mtu wa maneno mengi, anayepiga shati pasi hata siku ya kwenda kupaka bawaba grisi. Yeye ndiye aliyemsaidia Kitasa kazi za nje, na yeye ndiye aliyekuwa msomaji wa kibanda. Lakini hakuisoma karatasi pale pale hata siku moja. Aliikunja, akaitia mfuko wa shati, akaupigapiga mfuko.

"Nitaisoma kwa utulivu, shemeji. Mambo ya kitaalamu hayasomwi kwa papara."

Kesho yake asubuhi anakuja na kila kitu kichwani, mlango baada ya mlango, bila hata kuitoa karatasi. Mtu mwingine angesema, shemeji ana akili huyu. Kitasa alisema moyoni: kwa nini haisomi mbele yangu? Anaipeleka wapi usiku kucha? Anapunguza nini, anaongeza nini? Kila kazi iliyokwenda sawa ilimzidishia wasiwasi, maana mtu anayetaka kukuibia kikubwa lazima kwanza akuzoeze kwa uaminifu mdogo mdogo.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati.

Lilikuwa jengo jipya, lina korido ndefu na milango kila upande, na lilitaka vitasa vyote. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja mnene mwenye kofia ya ujenzi ambayo haikuvuliwa hata akinywa chai. Alimwonyesha Kitasa ubao mkubwa wa mbao uliopigiliwa misumari, na chini ya kila msumari kumeandikwa jina la chumba.

"Siku ya makabidhiano tutapita pamoja mlango kwa mlango," alisema. "Unasoma kibao cha mlango, unanipa ufunguo, nafungua, kisha unautundika hapa kwenye jina lake. Sitaki muuguzi abebe mgonjwa anatafuta ufunguo kama anatafuta kuku. Na atakayenikabidhi vizuri ndiye nitakayemwachia matengenezo ya jengo hili siku zote."

Aliposema "atakayenikabidhi" macho yake yalimpita Kitasa yakamwangukia shemeji na shati lake la pasi. Au Kitasa aliona hivyo. Lakini kuona hakukuishia hapo. Siku chache baadaye alitoka kufunga kitasa cha stoo, akakuta shemeji na msimamizi wamesimama mwisho wa korido. Shemeji anaonyesha mlango kwa kidole, msimamizi anajibu, shemeji anatikisa kichwa, anaonyesha mwingine. Kitasa alipokaribia, shemeji akashtuka, akacheka kicheko kisicho na mwenyewe.

"Tunapiga soga tu, shemeji."

Soga! Soga gani ya kuhesabu milango? Kitasa alirudi stoo, akakaa juu ya sanduku la vifaa, akaona mambo yote kwa uwazi kama yuko sinema. Siku ya makabidhiano shemeji atasoma vibao, yeye atabeba mfuko wa funguo nyuma yake kama kuli. Matengenezo atapewa msomaji. Kibanda kitabaki na mchonga funguo asiyejulikana, na shemeji atamtuma yeye kununua misumari. Hapo hapo aliamua: atajua kusoma kabla ya siku hiyo, na hakuna mtu atakayejua kwamba anajifunza.

Mahali pa kujifunza alikuwa amekwisha kupaona. Nyuma ya ukumbi wa mtaa kulikuwa na chumba cha kuwekea viti, na mwalimu mmoja, binti mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alikuwa amepewa akitumie mchana kufundishia watu wazima. Viti vilipoanza kupungua vyenyewe, alimwita Kitasa afunge kufuli. Kitasa alifunga, akamkabidhi funguo mbili. Wa tatu alijichongea mwenyewe, kwa usalama wa chumba, akauvaa shingoni chini ya fulana pamoja na nakala nyingine za funguo za watu. Hakumwambia mtu. Usalama unaoutangaza una usalama gani?

Basi akajiunga na darasa. Siku ya kwanza alikaa karibu na mlango, mgongo ukutani. Alitarajia kuona a, e, i, o, u. Badala yake aliwakuta watu wazima na ndevu zao wanaimba.

"Mwalimu," alisema, "mimi nimekuja kusoma. Kama ni kwaya, sauti yangu mbovu."

"Ndiyo kusoma kwenyewe huku, mzee wangu. Hapa kila mtu anatoa ubeti wake, wa kazi yake, wa maisha yake. Tunaupanga kwa mizani, tunauimba mpaka uingie, halafu nauandika ubaoni. Maneno unayajua tayari. Kazi yako ni kuyatambua sura."

"Kwa nini usitufundishe 'baba ana kikapu' kama watoto?"

"Kwa sababu wewe si mtoto. Ukisoma 'baba ana kikapu' utaona haya. Ukisoma maneno yako mwenyewe utaona haya gani?"

Jibu lilikuwa zuri, na jibu zuri lilimtia Kitasa hofu zaidi. Binti anafundisha bure, na anachotaka ni watu wamweleze maisha yao. Nani anataka maisha ya watu bure? Leo muuza viatu anasema anakoweka mzigo, kesho mpishi anasema anatoka nyumbani saa ngapi. Hapa panakusanywa habari.

Muuza viatu huyo alikuwa nyota wa darasa. Walimwita Kipaza, kwa sababu akinong'ona anasikika barabara ya pili. Aliuza viatu vya mitumba, na ubeti wake ulianza, "Nauza viatu vyangu." Akiitwa kusoma alisimama mbele ya ubao, akaweka mkono kifuani, akafumba macho, akausoma wote bila kukosea herufi. Darasa lilipiga makofi. Kitasa alipiga pia, ila taratibu, akijiuliza mtu anasomaje amefumba macho.

Zamu yake ilipofika ya kutoa ubeti, alikuwa amejiandaa. Atazungumzia kazi yake, sawa, lakini siri za kazi hatatoa. Mwalimu alihesabu mizani kwenye vidole, akamsaidia kukata hapa na kuunga pale, na mwisho ubaoni ukakaa huu:

Mlango umefungika, nani yumo humo ndani?
Nabisha bila kuchoka, nasimama barazani.
Ufunguo nauweka mfukoni, si shingoni.
Moyo umejaa shaka, hata kwa ndugu nyumbani.

"Mzee Kitasa!" Kipaza alipiga kelele. "Kumbe una mambo! Huyo ndugu wa nyumbani ni nani?"

"Ni vina tu," alijibu Kitasa haraka. "Vilihitaji -ni."

Mstari wa tatu, bila shaka, ulikuwa uongo mtupu. Funguo zake zilikuwa shingoni, na ndiyo maana akasema mfukoni. Kama yuko anayekusanya habari darasani, akapekue mfuko, atakuta leso.

Waliuimba ubeti ule mpaka Kitasa akawa anapiga tupa kibandani huku akiuimba, kra, kra, mlango u-me-fu-ngi-ka. Shemeji alimtazama.

"Siku hizi unaimba, shemeji."

"Kwani kuimba kuna ushuru?"

"Hapana. Ila nyimbo za mapenzi kwa umri wako..."

"Mlango ni mapenzi?"

"Unabisha bila kuchoka, shemeji. Nitamwambia dada."

Hiyo nayo ikamkaa rohoni: kumbe ananisikiliza kila neno. Na mkewe je? Kila mchana akitoka kibandani kwenda darasani, jioni akirudi na chaki kwenye mikono, mkewe hakuuliza. Hata siku moja. Mwanamke aliyeuliza kwa nini soksi moja imegeuka ndani, leo haulizi mumewe anashinda wapi? Kitasa alimtazama kwa jicho la pembeni akila. Mkewe naye alimwongezea mchuzi kwa utulivu wa kutisha.

Lakini jambo lililomsumbua kuliko hayo yote lilikuwa ubao wenyewe. Alikuwa anasoma ubeti wake vizuri, fimbo ikipita chini ya kila neno, na mwalimu anasema safi. Na Kitasa, ambaye hakuamini kitu kilichokuja kirahisi, alianza kujishuku mwenyewe. Kufuli bovu lililolegea hufunguka kwa ufunguo wowote. Ukiligeuza likakubali, hujajua bado kama ufunguo ni wake. Je, anasoma, au mdomo unakimbia tu na fimbo inaufuata? Siku ya zahanati hakutakuwa na wimbo. Kutakuwa na kibao na msimamizi mwenye kofia.

Kwa hiyo alianza kusoma kama anavyokagua kufuli. Mdomo ulikuwa tayari unasema "Mlango", yeye anauzuia: ngoja, onyesha kwanza. Hii ni m. Hii ni la. Haya, pita. Aliyasoma maneno yake mwenyewe kama watu wanaopita getini bila kitambulisho. Wenzake waliomaliza ubeti walimkuta bado amesimama mstari wa pili.

"Kitasa, unasoma au unapekua?" Kipaza aliuliza.

"Napekua."

Ndivyo alivyokuwa akipekua siku moja. Mwalimu alifungua chumba, ubeti wa Kitasa ukiwa umekwisha andikwa ubaoni toka mapema, wakaketi, wakaanza kuusoma kwa pamoja. Sauti zilipanda vizuri, viti vikatetemeka. Mstari wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Darasa zima likaimba "mfukoni, si shingoni," na Kitasa peke yake akanyamaza. Jicho lake lilikuwa limekwama. M ilikuwapo mwanzo, ni ilikuwapo mwisho, lakini waliokaa katikati hakuwajua. La. Ngo. M-la-ngo-ni.

Ufunguo nauweka mlangoni!

Damu ilimpanda. Yeye, Kitasa, aache ufunguo mlangoni? Mtu wa namna gani anaweza kumsingizia hivyo?

"Simama!" alipiga kelele. "Simameni wote! Mmeibiwa!"

Darasa likakatika. Mpishi aliinama kutazama viatu vyake.

"Kimeibwa nini, mzee?" mwalimu aliuliza.

"Neno! Hapo pana mlangoni, mimi nilisema mfukoni. Kuna mtu kaingia humu akabadilisha shairi langu. Mwizi kaingia!"

"Kaingiaje?" Kipaza alienda mlangoni akalichungulia kufuli. "Halijavunjwa hili. Halina hata mkwaruzo. Aliyeingia ana ufunguo." Akageuka polepole, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikapungua. "Na katika darasa hili, anayechonga funguo ni nani?"

Vichwa vyote viligeuka. Kitasa alikuwa amewatazama watu hivyo maisha yake yote, ila hakuwahi kutazamwa. Hakupenda.

"Mimi nina sababu gani ya kujiibia?"

"Tunauliza ufunguo, hatuulizi sababu," alisema mpishi. "Unao au huna?"

"Mpekueni mfuko," Kipaza alisema. "Mwenyewe kasema anaweka mfukoni."

Wakapekua mfuko. Wakakuta leso. Kitasa angeweza kuishia hapo. Lakini mwalimu alikuwa anamtazama, na funguo zilizo kifuani zikagongana kidogo, kli kli, darasa zima likasikia. Akaingiza mkono kwenye fulana, akavuta kamba yote nje, ufunguo wa chumba kile ukining'inia katikati ya wenzake.

Kipaza akapasuka kicheko kilichowatoa watu barabarani.

"Shingoni! Kumbe shairi lenyewe la uongo! Tumeimba uongo mwezi mzima, jamani, mpaka mimi nalala nauota!"

"Ni kwa usalama wa chumba," alisema Kitasa.

"Usalama gani, na wewe ndiye hatari?"

"Mwacheni," mwalimu alisema. "Neno nimelibadilisha mimi."

Aliketi juu ya meza, akajipangusa chaki usoni, akazidi kujipaka. Alieleza kwamba alikuwa na wasiwasi wake pia. Ubeti ukishaingia kichwani, mtu anaweza kusimama mbele ya ubao, akauimba, wala asione hata herufi. Kwa hiyo alikuwa ameanza kuwatega. Neno moja analitoa, analiweka lingine lenye mizani ile ile, aone nani atashtuka.

"Juzi ubeti wa Kipaza niliandika, 'Nauza watoto wangu.'"

"Hapana!" Kipaza alisema.

"Ukausoma umeweka mkono kifuani. Mkapiga makofi nyote. Hata mzee Kitasa alipiga."

"Taratibu," alisema Kitasa.

"Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kushtuka. Mzee wangu, leo ni wewe peke yako uliyesoma. Hawa wengine wameimba."

Kitasa alisimama pale na kamba yake ya funguo mkononi, hajui aweke wapi uso. Alisubiri kugundua kuna mtego gani ndani ya sifa ile, akapekua, hakuona. Basi akatoa ufunguo ule kwenye kamba, akaukabidhi kwa mwalimu. Kutoka siku hiyo darasa likawa na mchezo wake: kila siku mmoja anabaki na mwalimu, anaiba neno, na wenzake wakiingia wanamsaka. Anayeliona anapiga kelele, "Mwizi!" Kipaza aliacha kufumba macho. Alisema mtu akishauza watoto mara moja anajifunza.

Siku ya makabidhiano ikafika. Kitasa alivaa shati lake la pekee lenye kola na kubeba mfuko wa funguo. Alikuwa amepanga kusema mlangoni kabisa, leo nasoma mwenyewe. Lakini msimamizi alikuwa na haraka, na shemeji alikuwa ametangulia, shati lake kama karatasi, na Kitasa akafuata nyuma na mfuko wake.

"Mapokezi," shemeji alisema mbele ya mlango wa kwanza, kwa sauti ya mtangazaji.

Kitasa aliangalia kibao, akakikagua. Ma-po-ke-zi. Haya, pita. Akatoa ufunguo, msimamizi akafungua, ukatundikwa.

"Daktari," shemeji alisema. Kweli. Pita.

Kitasa alianza kuingiwa na hasira mpya. Jamaa anasoma vizuri. Anasoma haraka, hata kibao hakitazami sana. Walipofika mlango unaofuata, shemeji, mikono nyuma, akasema, "Chumba cha dawa."

Kibao kilianza na Chumba. Kikaendelea na cha. Kisha Kitasa aliona mtu asiyemjua amesimama mahali pa dawa, s mwanzoni, na damu ikampanda kama siku ile ya neno "mlangoni". Mdomo haukungoja ruhusa.

"Mwizi!"

Msimamizi aliruka na kofia yake. Fundi wa rangi aliyekuwa mwisho wa korido akaangusha brashi. "Yuko wapi?"

"Si... hapana," Kitasa alisema. "Hapo pameandikwa sindano. Chumba cha sindano."

Msimamizi alitazama, akapiga paji la uso. "Ni kweli! Samahani, mafundi. Daktari aliomba asubuhi hii tubadilishe, dawa ziende kule kwenye kivuli, sindano hapa. Vibao vimehamishwa sasa hivi. Lakini wewe, fundi msaidizi, umesomaje dawa hapa?"

Kitasa akamgeukia shemeji, tayari. Hiki ndicho alichokingoja miaka yote: mwizi kashikwa, mkono uko mfukoni. Lakini sura aliyoikuta haikuwa ya mwizi. Shemeji alikuwa amekodoa macho darini, midomo inacheza bila sauti, kama Kipaza anayetafuta mstari uliompotea. Na Kitasa akaelewa yote mara moja: zile karatasi zilizolala mfukoni, zile soga za kuhesabu milango korido hii hii. Jamaa alikuwa akiuliza majina, akiyashika kwa kichwa. Hakuwahi kusoma hata kibao kimoja.

Neno moja tu, na hatamwona tena shemeji zahanati hii.

"Kasahau miwani," alisema Kitasa.

"Ana miwani huyu?" msimamizi aliuliza. "Sijawahi kumwona nayo."

"Ndiyo maana anasahau. Endelea, mama. Vilivyobaki nasoma mimi."

Akasoma. Alisoma polepole mpaka msimamizi akaegemea ukuta, na mahali pengine alirudi nyuma kuhakikisha neno halijabadilika alipogeuka. Stoo, Vipimo, Chumba cha Dawa kule kilikohamia, mpaka Choo, ambacho alikisoma mara mbili kwa furaha. Kila ufunguo ukakaa kwenye jina lake. Msimamizi alivua kofia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akasema, "Fundi, ukikagua vitasa kama unavyokagua maneno, jengo hili ni lako kulitunza."

Njiani kurudi shemeji alitembea kimya, jambo geni vile vile.

"Tangu lini?" Kitasa aliuliza.

"Tangu nizaliwe, shemeji. Nilikuwa nikitoroka shule naenda kuogelea."

"Na zile karatasi zote? Ulikuwa unazipeleka kwa nani?"

Shemeji alitazama viatu vyake. "Kwa dada. Ananisomea jioni, nashika kichwani, nakuletea asubuhi."

Kitasa alisimama katikati ya njia mpaka mwenye baiskeli akampigia kengele. Mkewe! Miaka yote hiyo karatasi ilitoka kibandani, ikazunguka mtaa, ikasomwa nyumbani kwake mwenyewe, yeye yuko chumba cha pili anajisugua macho.

Alimkuta kwenye cherehani.

"Mama watoto. Ulijua?"

"Lipi kati ya hayo?" Mkewe hakusimamisha gurudumu. "La vumbi la chuma, la mdogo wangu, au la kwenda darasani unarudi na chaki kama fundi wa rangi?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniuliza nimejuaje, ukabadilisha kitasa cha mlango."

Kitasa akaondoa mkono kwenye kitasa cha mlango.

Wiki iliyofuata shemeji aliingia darasani, shati la pasi, akakaa karibu na mlango. Kitasa alimsogeza ndani akakaa pale mwenyewe, kati yake na mlango, asije akatoroka kwenda kuogelea. Mwalimu alimwomba ubeti. Alianza kwa mbwembwe, kuhusu mtu anayesoma vibao kwa kutazama dari, na Kipaza akacheka mpaka akasikika barabara ya pili.

Kitasa hakucheka sana. Alikuwa anatazama kufuli la chumba, limening'inia wazi kwenye komeo, na mwalimu ana mazoea mabaya ya kusahau funguo zake popote. Ule ufunguo wa shingoni alikuwa ameurudisha kweli. Lakini fundi haachii kufuli lake lilindwe na watu wasahaulifu. Akapapasa mfuko wa suruali, chini ya leso, akaugusa ufunguo mwingine, upo. Angalau sasa shairi lake lilikuwa la kweli.